Rupia Iliyochunwa

Juzi niliingia jikoni nikakuta harufu ya ndimu juu ya chuma. Niliketi juu ya gunia la makaa, mimi mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikaziba pua kwa kanga kama mtoto. Mjukuu wangu Rehema alikuwa amekata ndimu vipande, amemwaga majivu kwenye sahani, na mkononi ameshika rupia yangu nyeusi. Kwenye simu yake kulikuwa na mtu anaonyesha namna ya kung'arisha feza za zamani.

"Bibi, nataka ikuchekee," akasema.

"Weka chini."

"Lakini imekuwa nyeusi kama sufuria."

"Nimesema weka chini. Shika ukingoni, usiguse uso. Weka."

Akaweka. Sikumpiga. Zamani ningempiga. Nilimwambia akae, nikamweleza mambo ambayo hata mama yake hakuwahi kuyasikia kwangu. Sasa nayaandika kwa mkono wangu, kama ninavyoweza, kwa sababu sisi tuliosikia mabomu ya Bukavu tukiwa watoto upande huu tumebaki wachache, na hao wachache tukikutana kwenye arusi tunazungumza magonjwa ya magoti tu. Shule niliiacha mapema. Msitafute maneno ya shule humu.

Tulikaa Kamembe, mtaa wa Waislamu, nyumba ya udongo yenye baraza ambako Baba alikuwa na cherehani yake. Ukisimama nyuma ya jiko uliona ziwa, na ng'ambo ya ziwa nyumba za Bukavu zimejipanga kwenye vilima vinavyoingia majini kama vidole. Kwetu watoto Bukavu haikuwa nchi nyingine. Ilikuwa mahali ambako watu wazima walikwenda asubuhi na kurudi jioni wakinuka samaki wa kukaanga.

Bibi, mama mzazi wa Baba, ndiye aliyekuwa mkuu wa nyumba. Macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu, akiona mwanga na vivuli tu, lakini hukuweza kumficha kitu. Aliujua mchele mbovu kwa kuugusa. Alijua nani ameingia kwa namna alivyovua viatu. Baba yake Bibi alikuja huku kutoka Ujiji wakati wa Wadachi, akiuza chumvi na nguo, na kitu pekee alichomwachia binti yake ni rupia za feza, mbili, zinazofanana. Upande mmoja kuna mwanaume mwenye masharubu na kofia ya chuma, na juu ya kofia ndege ametandaza mabawa. Upande wa pili simba na mti. Nyuma ya shingo ya yule mwanaume, kwenye zote mbili, baba yake Bibi alichora kwa ncha ya patasi alama ndogo kama mguu wa kuku.

Hizo rupia hazikuwa za kununulia kitu. Zilikuwa na kazi yake. Mtu wa nyumba yetu akivuka mto Ruzizi, ambao ndio mpaka, kwenda kulala ng'ambo, alibeba moja, na nyingine ilibaki kwa Bibi. Huko aliko akipatwa na jambo, akitaka kutuma neno, alilituma pamoja na rupia. Mtu akija na maneno bila rupia, alipewa chai, akaambiwa asante, akaenda zake. Bibi alikuwa akisema jina la mtoto unaweza kuliuliza sokoni, na ugonjwa wa mtu unaweza kuusikia kisimani, lakini mguu wa kuku ule hakuna muntu anaweza kuukisia.

Kila Idi ikikaribia alizisafisha, na mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Nataka mnielewe vizuri hapa, maana wengi wenu mnazo feza za wazazi ndani ya makopo na mnaziharibu. Tulitumia maji ya mvua, yaliyokingwa uwanjani kwenye beseni, si yaliyopita juu ya mabati yenye kutu. Yalipashwa moto kiasi cha maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Ndani tulikuna sabuni kidogo ya kipande. Kila rupia ilikuwa na bakuli lake, zisigongane, na ndani yake tulilaza kitambaa, isikwaruzwe na udongo. Halafu tunangoja. Kazi yote ilikuwa kungoja. Uchafu ukishalainika, kama kuna uliokwama kwenye herufi, Bibi alinipa unyoya wa kuku, nikautoa kwa shina lake pole pole, si kwa sindano, si kwa msumari, si kwa ukucha. Tunasuuza kwa maji mengine ya mvua, tunailaza kwenye kipande cha kanga kilichochakaa, tunaibonyeza. Kusugua, hapana. Hata kwa kitambaa cha hariri, hapana.

Na ikitoka hapo ilikuwa nyeusi vile vile. Mara ya kwanza nililalamika.

"Bibi, haijatakata. Ingali nyeusi."

"Imetakata. Uchafu umetoka na maji. Weusi si uchafu, weusi ni ngozi yake. Ukiutoa umeichuna, na chini ya ngozi ile hakuna ngozi ingine." Kisha akacheka kidogo, akapitisha kidole kando ya ile ya pili. "Na hizi ni ndugu, zilitoka tumbo moja. Ukiichuna moja, mwenzake analia."

Alisema kwa kutania, kama mtu mzima anavyotania mtoto ili asiguse kitu. Mimi nililichukua neno zima zima, nikalimeza.

Basi mwaka ule Mama alivuka kwenda Kadutu, mtaa wa Bukavu, kumtunza dada yake aliyejifungua. Bibi alimfungia rupia kwenye pindo la kitenge, akapiga fundo kwa mkono wake. Mama alinipaka mafuta usoni, akaniambia nisimsumbue Bibi, akaondoka na kapu la unga kichwani. Tulimtazamia arudi baada ya mtoto kukatika kitovu.

Badala yake ikaja milio. Ilianza asubuhi, ng'ambo, kama mtu anatwanga kinu kikubwa ndani ya nyumba iliyofungwa. Baadaye ndege zikapita juu yetu, chini kabisa, kuku wakajificha chini ya kitanda cha Bibi na mimi nikawafuata huko huko. Watu walisema wazungu wa kukodi wameukamata mji pamoja na askari walioasi. Mimi sikujua mzungu wa kukodi ni nini. Nilijua baiskeli ya kukodi. Nilijiuliza ni nani huyo aliyewakodi, na kwa nini hawarudishi. Kwenye daraja la mto watu walipita na magodoro kichwani, na mbuzi, na wazee wamebebwa kwenye viti. Baba alisimama hapo siku baada ya siku akitazama kila mwanamke usoni. Mama hakuwemo. Halafu daraja likafungwa.

Hapo ndipo hofu ilipoingia nyumbani kwetu ikakaa kama mgeni asiyeaga. Baba alishona nguo ile ile akaifumua, akaishona tena. Mimi nilikuwa na njia yangu. Kila asubuhi nilimwomba Bibi anionyeshe ile rupia iliyobaki. Alifungua kibuyu kidogo chenye pamba ndani, akaitoa, "shika ukingoni," nami niliitazama nikainusa. Kama ni nyeusi, Mama ni mzima. Yule mwanaume kama bado ana masharubu, Mama bado ana uso. Sikumwambia mtu. Niliogopa kwamba nikisema itaacha kufanya kazi.

Jirani yetu alikuwa Maman Furaha, Mkristo wa Bukavu, ambaye mume wake pia alikwama ng'ambo. Siku moja mtu aliyevaa koti safi alifika kwake. Alijua jina la mume, alijua jina la kila mtoto. Akasema, "Papa Furaha eko ku mto, anaumwa. Mutume kijana mwenye nguvu, na nguo, na blanketi. Aje peke yake, sababu ya baaskari." Kijana wao Dezire akabeba blanketi, akamfuata. Hakurudi. Baadaye ikasemwa kwamba vijana walikuwa wanakamatwa kule mtoni kubebeshwa masanduku ya risasi. Maman Furaha alianza kusimama barabarani. Mvua ikinyesha amesimama, jua likiwaka amesimama. Ukimsalimia anajibu vizuri tu, halafu anarudisha macho barabarani. Mpaka leo nikiona mwanamke amesimama peke yake kando ya njia napita upande wa pili.

Kwa hiyo mnaelewa tulikuwa na hali gani alasiri ile mtu alipopiga hodi barazani petu.

Alikuwa mwanaume wa makamo, Mushi kwa kabila, wa vilima vya Nyangezi kule ng'ambo, kofia mkononi, miguu ina tope hadi magotini. Akasema anaitwa Papa Murhula. Akasema, "Maman Zaina ananitumaka," na Zaina ni mimi, nikasogea karibu. Alisema Mama alitoka Bukavu na watu wengi, wakateremka kwa miguu, na mguu wake umevimba, hawezi kutembea tena. Amefichwa nyumbani kwake Papa Murhula. Leo watamteremsha mpaka mtoni, mahali panapotazamana na Nzahaha ya upande wetu. Kuna mtu mwenye chelezo cha migomba, atamvusha giza likianza kuingia. Lakini hawezi kupanda mlima wa upande huu. Mume wake aje ambebe.

"Na ni leo tu," akasema. "Kesho hapana. Baaskari banakaribia pale. Ule muntu wa chelezo anaogopa sana, na miye naogopa kumupita."

Baba alikuwa tayari amesimama, anatafuta viatu vyake. Bibi hakusogea kwenye mkeka.

"Amekupa nini?" akauliza.

Papa Murhula akatabasamu kama mtu anayetoa zawadi. Akaingiza mkono ndani ya shati, akatoa kitambaa cheupe, akakikunjua taratibu. Ndipo harufu ya ndimu ilipojaa barazani.

Ilikuwa inang'aa. Iling'aa kama jino. Mwanga wa jua uliipiga ukarukia ukutani. Akaiweka kwenye kiganja cha Bibi kwa mikono miwili, ameinama, na mimi nilikuwa karibu, nikaiona. Yule mwanaume hakuwa na jicho. Masharubu yamekwisha. Ndege juu ya kofia amekuwa kivimbe tu, kama chunusi. Mahali pa uso palikuwa laini, peupe, tupu.

Nilitambaa nikaingia chini ya meza ya cherehani. Nilikandamiza mdomo wangu kwenye magoti. Nilijua kilichotokea. Mama amechunwa. Wamemleta mtoni hana macho wala pua, na Baba anatafuta viatu aende kumchukua, na atamleta hapa, na ataniita kwa jina langu bila mdomo.

Vidole vya Bibi vilizunguka juu ya rupia. Vilikwenda nyuma ya shingo, vikakaa, vikarudi. Uso wake haukubadilika, lakini niliona kidole gumba kinapita pale pale, pale pale.

"Nani ameisugua?" akauliza kwa sauti ya kawaida.

"Ni miye na mama ya batoto," akasema Papa Murhula kwa furaha. "Ilifika kwetu nyeusi, nyeusi kabisa, kama kifungo cha koti la marehemu. Mama ya batoto akanigombeza. Akasema, weye Murhula, utapelekea mukubwa wa batu makaa? Tukatafuta ndimu, majivu ya maganda ya ndizi, muchanga wa mto. Tulisugua, Mzee, mpaka kidole kikatoka maji. Ona." Akanyoosha kidole, kisha akakumbuka kwamba Bibi haoni, akakirudisha kwa aibu. "Sasa inacheka."

"Inacheka," Bibi akasema.

Baba akashusha viatu. "Mama, ni yenyewe?"

Bibi akageukia meza ya cherehani. Akaniita. "Zaina, toka huko uliko. Lete maji ya mvua. Pasha. Lete sabuni."

"Mama, jua linaondoka."

"Nimeliona." Hakuwa ameliona jua lenyewe miaka mingi. "Yule wa koti naye alijua majina ya watoto. Kaa chini."

Nilipasha maji, nikaunguza kidole, sikulia. Ilitubidi tuitumbukize ile rupia nyeupe kwenye bakuli, juu ya kitambaa, na tungoje. Ndimu na majivu na mchanga vilikuwa vimekauka vikashindiliwa kwenye kila kijishimo kilichobaki. Bibi alisema kama mguu wa kuku upo, umefunikwa na huo udongo, na kama tukiukwangua kwa haraka tutaumaliza hata uliobaki. Basi tukangoja. Baba alitembea barazani kwenda na kurudi. Kivuli cha nguzo kilivuka mkeka. Ng'ambo kinu kikatwanga, kikanyamaza.

Papa Murhula alikaa kwenye kigoda, amenyimwa kuondoka na amenyimwa kuaminiwa, na alilijua hilo.

"Nimetembea na roho yangu mukononi juu ya hiyo feza," akaniambia mimi, maana wakubwa hawakuwa wakimtazama. "Na ninyi munaiogesha kama katoto ka jana."

"Papa Murhula," Bibi akasema, "mke wako anaitwa nani?"

Akamwambia. Bibi akamuuliza wana ng'ombe wangapi, akasema walikuwa naye mmoja, amechukuliwa na askari, na alipolitaja jina la yule ng'ombe sauti yake ilipotea kidogo. Akamuuliza Mama analala wapi. Akasema kwenye kitanda chao, na wao wanalala jikoni na mbuzi, na mbuzi anakoroma kuliko mke wake. Bibi akamuuliza kama Baba aende peke yake.

"Peke yake kwa nini? Aje na batu wote wenye anataka. Maman Zaina ni muzito, miye nimemubeba, mugongo wangu unajua."

Baba akacheka, mara moja tu, kama mtu aliyepaliwa. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu daraja lifungwe.

Papa Murhula akainama akatazama ndani ya bakuli. Akauliza polepole, "Mzee, kwani nimeharibu?"

Nilimtazama Bibi. Nilijua vile alivyokuwa mkali. Mwaka uliotangulia nilimwona akimfukuza fundi wa mabati aliyetaka kuizibua rupia kwa waya. Nilingoja amwambie yule mtu amefanya nini.

"Hapana," akasema. "Umefanya heshima. Kwenu hamumpelekei mukubwa kitu kichafu."

"Ndiyo. Haiwezekani."

"Ndiyo."

Kisha akaitoa rupia majini, akaishika ukingoni. Nikampa unyoya. Safari hii hakunipa mimi kazi, aliifanya mwenyewe, kwa kupapasa, shina la unyoya likipita nyuma ya shingo ya yule mwanaume asiye na uso, na majimaji ya kijivu yakitoka. Akasuuza. Akabonyeza kwa kanga. Vidole vyake vilikuwa vimekomaa kwa jembe na kinu, kwa hiyo kitu kidogo sana alikuwa anakijaribu kwa mdomo. Akaiinua akaigusisha kwenye mdomo wa chini, akaivuta taratibu, akasita, akairudisha. Baba aliacha kutembea. Nilimwona Maman Furaha kupitia kwenye nguzo za baraza, yuko barabarani, ametupa mgongo.

"Ni yenyewe," Bibi akasema. "Mguu wa kuku upo. Nenda umlete mke wako."

Baba akamwita shemeji yake kutoka nyumba ya tatu, wakatoka na Papa Murhula karibu wakikimbia. Bibi akanyoosha mkono hewani, akanitafuta, akanikamata mkono. Tukakaa.

Usiku ule sitausimulia. Kila mtu wa umri wangu anao usiku wake wa namna hiyo, na zinafanana. Nitasema tu kwamba Bibi hakulala chini na hakuniachia mkono, hata nilipotaka kwenda haja alisimama akaja nami. Nilifikiri anajua ninachokiogopa. Nilifikiri ananishika ili nisiogope kumwona Mama bila uso.

Walifika ukungu ukingali juu ya ziwa. Nilisikia nyayo nzito za mtu mwenye mzigo. Baba aliingia uwanjani amembeba Mama mgongoni, na Mama alikuwa amejifunika kitenge kichwa kizima, hadi shingoni. Baba alimweka kwenye mkeka. Mama akasema, "Zaina yuko wapi?" Sauti ilikuwa yake. Hiyo ndiyo iliyoniogopesha zaidi, kwa sababu niliitegemea iwe yake. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Bibi alipiga magoti akaanza kukifungua kile kitenge. Nilitaka kufumba macho, macho yakakataa.

Alikuwa na uso. Upande mmoja ulikuwa umevimba, jicho limefungwa, kwa sababu alianguka kwenye mawe walipokuwa wanateremka, na vumbi na damu vimekauka pamoja. Lakini pua ilikuwepo, na mdomo, na ile alama ya ndui kwenye shavu. Nililia kwa sauti, nikakojoa hapo hapo nilipo, na hakuna aliyenigombeza.

"Lete maji ya mvua," Bibi akaniambia.

Alimwosha kama tulivyokuwa tukiosha rupia. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo. Aliweka kitambaa juu ya damu iliyokauka, akangoja ilainike, hakuivuta. Hakusugua hata mara moja. Alibonyeza, akainua, akabonyeza. Mama alifumba jicho lake moja zima, akasema bila kufungua mdomo sana, "Mama, unanibonyeza kama mimi ni ile feza yako."

"Nyamaza," Bibi akasema. "Usikunje ngozi."

Vita viliisha ng'ambo, daraja likafunguliwa. Dezire hakurudi. Maman Furaha alihama na watoto wake waliobaki, na sikupata kujua walikwenda wapi. Papa Murhula alikuja mara nyingi, akiwa na muhogo au jibini iliyofungwa kwenye majani, na kila alipokuja alitaka kuonyeshwa rupia yake. Bibi aliitoa. "Bado inacheka, Papa Murhula." Na yeye aliitazama kama baba anayetazama mtoto aliyesoma. Mpaka anakufa hakuna mtu wa nyumba yetu aliyemwambia.

Bibi alipofariki nilikuwa nimekwisha kuolewa. Mama alinipa kibuyu, akasema ndivyo ilivyoagizwa. Idi ilipokaribia nilikinga maji ya mvua, nikapasha, nikatandika kitambaa kwenye mabakuli, yote kama nilivyofundishwa. Ile nyeusi niliisafisha kwanza, na mguu wa kuku ulikuwepo, wazi kabisa. Kisha nikachukua ile nyeupe, ambayo wakati huo ilikuwa imeanza kupata giza kidogo pembeni. Macho yangu yalikuwa mazuri siku zile, niliweza kutunga uzi kwenye sindano gizani. Nilikwenda mlangoni kwenye mwanga, nikaigeuza hivi na hivi, nikatazama nyuma ya shingo. Nikaipitisha kwenye mdomo, kama yeye.

Hakuna. Palikuwa laini kama ganda la yai. Ndimu na majivu na mchanga wa Ruzizi havikubakisha hata ukucha mmoja wa kuku. Hakuna kitu ambacho Bibi angeweza kukigusa siku ile, wala kwa kidole wala kwa mdomo.

Rehema alipofika hapa kwenye habari aliacha simu yake. "Basi alijuaje, Bibi?"

"Hakujua. Alimsikiliza yule mtu mpaka maji yakapoa, halafu akamtuma mtoto wake wa pekee mtoni."

Nilimpa rupia nyeusi airudishe kwenye pamba, akaishika ukingoni bila kuambiwa. Nilibaki nimekaa kwenye gunia la makaa, nikaushika mkono wangu wa kushoto, mahali pale ambapo Bibi aliushika tangu jioni mpaka ukungu wa asubuhi, hata kucha zake zikaacha alama. Miaka yote nilidhani alikuwa ananituliza mimi.